Maganda ya Mayai ya Mama Mkwe

"Hao konokono hawaishi tu?"

Mchumba wangu akacheka, akaupokea mfuko wa maganda ya mayai. Nilikuwa nimeyaosha, nikayaanika na kuyaponda mwenyewe.

"Mpenzi, wewe huwajui. Jana wametafuna miche yote ya kabichi ya mama. Nikiyamwaga haya kuzunguka kila mche, hawavuki."

"Na mimi utanipeleka lini kwa mama?"

"Bustani ikitulia. Mama anaona aibu mkwe wake akute miche imeliwa hivyo."

Na mimi, mwoka keki mzima mwenye akili zangu, nikaamini! Miaka miwili nakusanya maganda, kila nikipasua yai najiona nakaribia kwa mama mkwe. Jamani, mapenzi!

Jumamosi simu ikaita. Mwanamke, sauti changamfu.

"Dada, wewe ndiye mwoka keki? Namba nimeitoa kwenye mfuko wako. Mwanangu anatimiza mwaka."

Keki nikaipeleka mwenyewe. Kuingia getini tu, nikaganda. Matuta ya kabichi, kila mche umezungukwa na maganda meupe. Pembeni mfuko wangu wa karatasi, na stika yangu yenye namba ya simu juu yake.

Moyo ukaruka kwa furaha. Kumbe nimefika kwa mama mkwe bila kupelekwa! Huyu dada aliyetoka kunipokea, mtoto mkononi, atakuwa wifi yangu. Nikaweka nguo zangu sawa.

"Mama yupo?" nikauliza, natabasamu mpaka mashavu yanauma.

"Mama gani?"

"Mwenye bustani."

"Bustani yangu hiyo, dada. Maganda ananiletea mume wangu, anasema anapewa na mwokaji mmoja mwenye roho nzuri. Ndiyo maana nikakutafuta. Mama yake alifariki kabla hatujaoana."

Nikaiweka keki mezani kabla haijanidondoka, nikampigia mchumba wangu, nikaweka spika.

"Mpenzi," akapokea haraka, "niko kwa mama hapa. Konokono leo wamezidi!"

Yule dada akamkumbatia mtoto kwa nguvu.

"Muulize," akaninong'oneza, "mama anaendeleaje?"

"Mama anaendeleaje?" nikauliza.

"Hajambo, anakusalimia sana. Anasema subira kidogo tu, mkwe wake."

"Baba wa mtoto wangu," yule dada akadakia, "mama yako amefufuka lini?"

Simu ikakatwa.

Nilitegemea yule dada anitukane. Hakunitukana.

"Ulikuwa hujui," akasema.

"Wallahi sikujua, dada yangu."

"Nimeona. Umeingia humu unacheka."

Hapo ndipo nilipolia, kilio cha kwikwi, mbele ya keki ya mtoto wa mwenzangu. Na yeye akalia. Mtoto akatushangaa, akachovya kidole kwenye krimu.

Kesho yake asubuhi nikaamka kuoka kama kawaida. Kuja kushtuka, nimesimama kwenye sinki, naosha maganda. Simu ikalia, ujumbe wa yule mwanamume: "Nisamehe. Naomba tuongee, nakupenda wewe."

Nikaufuta. Namba yake nayo nikaifuta, ingawa naijua kwa kichwa.

Maganda ndiyo yaliyonishinda kuyatupa. Nimeyaanika dirishani, yamekauka vizuri, na sina wa kumpa.