Mwamuzi Katika Mchezo wa Ukungu

Gwakisa Mwaipopo alikuwa anamimina uji ndani ya kiatu chake, tena kwa uangalifu mkubwa, asimwage hata tone.

Darasa zima la mwaka wa tatu lilikuwa limeshika mbavu. Wao waliona kijana mrefu mwenye koti jeupe amesimama katikati ya Ukumbi wa Michezo ya Tiba, kofia inayong'aa kichwani, soksi moja imelowa. Yeye alikuwa anaona mambo mengine kabisa. Mashine ile iliitwa kofia-ukungu. Ilipeleka mawimbi madogo kwenye ubongo, ikachezea mahali panapohifadhi majina ya vitu na kazi zake. Haikumpofusha mvaaji wala kumtia usingizi. Ilimwachia macho, masikio na hisia kali kwamba kuna jambo la lazima anatakiwa kulifanya sasa hivi, kisha ikamnyang'anya njia ya kulifikia. Gwakisa alijua ana mgeni. Alijua mgeni hupewa uji. Alikiona chombo chenye mdomo mpana, akakitumia.

Kofia ilipovuliwa, alikitazama kiatu kwa muda.

"Nani kaweka uji humu?" akauliza kwa hasira.

Wenzake wakaangua kicheko upya. Aliyebaki kimya ni Dokta Subilaga Kajuni, mhandisi wa ubongo aliyeubuni Mchezo wa Ukungu. Alimsogelea akamuuliza taratibu, "Ulipokuwa humo ndani, ulitaka nini?"

Gwakisa alijibu kabla hajafikiri. "Nilitaka waache kunicheka, Dokta. Nilisikia kicheko nikajua nimekosea, ila sikujua wapi."

"Basi hilo usilisahau."

Lakini kufika saa ya chakula alikuwa ameshaligeuza kuwa kichekesho, anawaigiza wenzake jinsi alivyokoroga kiatu.

Miaka hiyo jiji la Mbeya lilikuwa limejaa roboti. Roboti ndizo zilizodunga sindano, zilizofunga vidonda, zilizopanda na mabehewa ya kamba hadi juu mlimani kupeleka dawa. Kazi iliyobaki kwa wauguzi ilikuwa ile ambayo hakuna mashine iliyoiweza: kukaa na mtu. Na wanafunzi hawakuitaka. Gwakisa mwenyewe alitaka kuendesha mitambo ya upasuaji. Wodi ya wazee wenye ugonjwa wa usahaulifu aliiita "stoo". Ndiyo maana Dokta Subilaga alibuni mchezo ule. Alitaka vijana wauonje ukungu wenyewe, kisha wajifunze kumshika mkono aliyemo ndani yake.

Hatua ya pili ya mchezo ilikuwa na bibi-mwanga. Alikuwa bibi kizee aliyeundwa kwa nuru tupu, anayezunguka ukumbini akimuulizia mume wake na kuficha vijiko visivyokuwepo. Mwanafunzi alitakiwa kumtuliza, na ubao mkubwa ukutani ulihesabu alama kwa kupima sauti yake, macho yake na mkono wake.

Gwakisa hakupenda kushindwa. Aliuchunguza ubao ule mpaka akaugundua udhaifu wake. Teremsha sauti. Inamisha kichwa kidogo kushoto. Sema, "Naelewa unavyojisikia." Ngoja. Gusa bega. Alama zikawa zinamiminika, huku yeye anawaza mambo yake. Akavunja rekodi ya chuo, kisha akaivunja yake mwenyewe. Picha yake ikatundikwa kwenye korido. Mazoea yakamkaa hadi kantini, ambako siku moja alimwinamishia kichwa mpishi na kumwambia kwa upole, "Naelewa unavyojisikia, mama, ila nyama hii ni ndogo." Mpishi akampunguzia na viazi.

Aliyefurahi kuliko wote ni Profesa Mwasomola, mkuu wa chuo. Rekodi ile ilipovunjwa, alisimamisha zile ziara za kila Alhamisi ambapo wanafunzi walikwenda kwenye Nyumba ya Wazee ya Kilele. Zilikula muda, alisema, na wanafunzi walirudi wamechoka. Sasa alitaka bodi ya chuo izifute kabisa.

"Profesa, mchezo niliutengeneza uwaandae waende," Dokta Subilaga alimwambia. "Sikuutengeneza ili wabaki hapa."

"Kwa alama hizi, Dokta, waende kufanya nini tena?"

Ikaamuliwa kwamba bodi ije ione kwa macho. Gwakisa, bingwa, angesimama mbele ya mzee halisi na ubao ungempima.

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Roboti mhudumu wa Kilele, chuma kirefu chenye sauti ya kike, ilimwingiza Bibi Tumpale. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sweta juu ya kitenge, raba nyeupe miguuni na kipenga shingoni. Bibi huyu alichezesha mpira kwa miaka mingi, na katika ukungu wake alikuwa bado kazini.

Gwakisa alisogea, akainamisha kichwa. "Shikamoo, bibi. Naelewa unavyojisikia."

"Marahaba. Namba yako?"

"Naona una wasiwasi kidogo, bibi."

"Mimi nina wasiwasi? Wewe umeingia uwanjani bila jezi!" Akamkagua kutoka juu hadi chini. "Na mbona unaongea kama lifti?"

Ukumbi ukacheka. Gwakisa akashika hatua ya mwisho ya fomula yake: akamgusa bega.

Kipenga kililia hadi wajumbe wa bodi wakaziba masikio. Bibi Tumpale alichomoa kadi yake ya kliniki, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa ya njano, akainyanyua juu. "Kumshika mwamuzi!"

Profesa Mwasomola alikimbia kuja kuokoa maonyesho yake. "Bibi, tafadhali, tulia ukae—"

"Kocha, rudi benchi!"

"Mimi ni profesa wa—"

"Benchi!"

Profesa akajikuta anarudi. Roboti nayo ikasogea ikisema kwa sauti yake tamu kwamba ni wakati wa dawa. Bibi Tumpale aliizunguka, akaigonga kifuani kwa kidole, ikatoa mlio wa sufuria. "Huyu si mwanadamu," alitangaza. "Usajili wake uko wapi? Toka nje!" Roboti, ambayo ilikuwa imefundishwa kutobishana na wazee, ikatoka.

Sasa hata wajumbe wa bodi walikuwa wanafuta machozi ya kicheko. Wanafunzi walipiga meza. Na hapo ndipo Gwakisa, aliyekuwa karibu naye kuliko wengine, alipomwona Bibi Tumpale anabadilika. Kipenga kilimponyoka. Macho yalihama safu hadi safu. Akarudi nyuma hatua, tena hatua, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Wanakuja," alinong'ona. "Nimewakatalia bao, sasa wanakuja. Wana mawe."

"Hakuna mawe, bibi," Gwakisa alisema kwa sauti ya chini. "Uko salama. Naelewa unavyojisikia."

Bibi alikuwa anatetemeka kidevu. Gwakisa aliinua macho akauona ubao juu ya kichwa cha bibi huyo. Ulikuwa wa kijani kibichi. Alama zake zilikuwa zinapanda. Sauti: bora. Macho: bora. Zilipanda na kupanda huku bibi wa watu anajibanza ukutani kama anataka kupita ndani yake.

Gwakisa alihisi aibu ikimpanda usoni. Kile kicheko alikijua. Alishakisikia akiwa ndani ya ukungu, kikitoka pande zote, bila kujua kosa ni lipi.

Alivua koti lake jeupe, akalikunja, akalishika juu kama bendera.

"Mwamuzi!" aliita kwa sauti yake ya kawaida, ya kijana wa mtaani. "Mimi mshika kibendera wako. Nilinyoosha bendera. Yule alikuwa ameotea!"

Bibi Tumpale aligeuka. "Uliona?"

"Niliona vizuri. Mguu mzima."

"Mguu mzima!" Kidevu kikatulia kidogo. "Nilijua. Na hawa?"

"Tunatoka pamoja. Wewe tangulia, mimi nipo upande wa mashabiki."

Ubao ukawa mwekundu. Kukubaliana na njozi: alama zimekatwa. Sauti ya juu: zimekatwa. Rekodi ya Gwakisa ilianguka mbele ya watu wote ikapita sifuri na kuendelea kushuka. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Wakapita katikati ya ukumbi, bibi ameshika mkono wake, na walipofika safu ya mbele Dokta Subilaga akasimama.

"Bao limekataliwa," alisema. "Uamuzi safi, mwamuzi."

Akapiga makofi. Darasa likafuata, polepole, bila kelele. Bibi Tumpale aliinua mkono kidogo, kama mtu aliyezoea kupongezwa mara chache, akatoka nje kichwa juu.

Walikaa kwenye ngazi kwenye jua. Bibi alimsimulia mechi ile yote, kisha akaisimulia tena, na mara ya pili mfungaji alikuwa mtu mwingine. Mwishoni akavuta sweta.

"Tatizo ni timu yangu," alisema. "Siku hizi haiji mazoezini. Najipanga pale uani, nasubiri. Hawaji."

"Watakuja, mwamuzi," alisema Gwakisa, akidhani ni ukungu unaongea.

Roboti ilikuwa imesimama nyuma yao, bado inajihesabu kuwa imetolewa nje. "Kauli yake ni sahihi," ilisema. "Wanafunzi wa chuo hiki walikuwa wanakuja kila Alhamisi. Aliwafanya timu. Ziara zilisimamishwa baada ya mwanafunzi mmoja kuvunja rekodi."

Gwakisa alimtazama bibi, ambaye alikuwa anahesabu wachezaji kwa vidole na kuanza upya kila alipofika katikati.

Bodi haikufuta ziara, ila haikuzirudisha pia. Iliagiza Profesa Mwasomola aende Kilele akaone kama zina faida yoyote. Kwa hiyo Alhamisi iliyofuata alipanda basi pamoja na darasa zima, sura imekunjamana. Dokta Subilaga alikuja pia. Mchezo alikuwa ameufunga. Alisema ubao unahitaji kujifunza upya, na yeye mwenyewe vilevile.

Bibi Tumpale hakumkumbuka Gwakisa hata kidogo. Alimpa mkono kama mgeni, akampanga pembeni, kisha akamwona Profesa na tumbo lake.

"Huyu golikipa," alisema.

Goli lilikuwa kati ya viti viwili vya magurudumu. Wazee wenye viti hivyo walikataa kuvihama, wakawa nguzo za goli, na kila mpira wa matambara ulipopita walimsema golikipa bila huruma. Mzee mmoja aliyekuwa hajazungumza tangu mvua za masika alimwambia Profesa kwamba mikono yake ni ya kukamulia ng'ombe. Wauguzi wa Kilele walikimbia kuja kumsikiliza.

Chai iliwekwa mezani, ikapoa. Profesa, jasho linamtiririka, suruali ina vumbi magotini, aliuliza mechi inaisha saa ngapi.

Bibi Tumpale aliitazama saa yake ya mkononi, iliyosimama miaka mingi iliyopita.

"Bado sana," alisema.

Profesa akavua koti, akarudi golini.