Vifuniko Viwili

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake, Kijino alifuatana na shangazi yake kazini. Shangazi alikuwa mtaalamu wa vipepeo. Chumba chake kilijaa makabati ya droo nyembamba, na ndani yake vipepeo wakavu waliochomwa pini, kila mmoja na namba yake.

"Njoo uone," Shangazi alisema, akimsogezea hadubini.

Kijino aliinama, akachungulia. Ubawa aliodhani ni wa kahawia tu ulikuwa umeezekwa kwa vigae vidogo mno, maelfu kwa maelfu, na katikati yake mwezi mwembamba wa fedha ukimeremeta.

"Shangazi! Nani kaupaka?"

"Hakuna mtu. Kati ya hawa ishirini, tisa wana mwezi huo. Nadhani ni ukoo wa peke yake ndani ya jenasi yao, yaani kundi lao kubwa, na bado haujapewa jina. Lakini mbawa hazitoshi. Lazima tusome DNA, ile hati iliyoandikwa ndani ya mwili wa kila kiumbe."

Alinyofoa mguu mmoja wa kila kipepeo, akautia kwenye kichupa chake. Namba aliiandika juu ya kifuniko. "Usiviguse," alionya, akatoka kupokea simu.

Kijino akavigusa. Alifungua viwili achungulie tu, vifuniko vikamponyoka na kubingirika mezani. Cha saba kipi? Cha nane kipi? Akavirudisha kwa kubahatisha, akakaa kimya.

Majibu yalipokuja, Miwani, mwenzake Shangazi, alikuna kichwa. "Namba saba ana mwezi, lakini DNA inamkana. Namba nane hana, nayo inamkubali! Dada, mwezi wako umekupiga chenga."

"Miaka mitano," Shangazi alisema polepole. "Basi. Hakuna ukoo mpya. Nafuta kazi yote."

Kijino alikumbuka vile vifuniko. Hakuna aliyemwona. Lakini mkono wa Shangazi ulikuwa tayari kwenye kompyuta.

"Usifute! Ni mimi, Shangazi. Nilichanganya vifuniko."

"Lo!" Miwani aliruka. "Kumbe mchawi wetu tunamlisha biskuti!"

Shangazi hakucheka. Alimtazama Kijino mpaka mtoto akatokwa na machozi. Kisha akavuta droo. "Kipepeo ana miguu sita. Imebaki mitano. Tunarudia."

Safari hii namba ziliandikwa kwenye vichupa vyenyewe.

Wiki tatu baadaye, mchoro kama mti ulitokea kwenye kompyuta. Vipepeo wote tisa walikaa kwenye tawi moja, hakukosekana hata mmoja. Mwezi wa ubawani na hati ya mwilini vilisema neno lile lile. Hata Miwani alivua miwani yake.

"Wamekuwa ndugu siku zote," Kijino alinong'ona, "na hakuna aliyejua!"

"Na tungewatenganisha sisi," Shangazi alisema. "Sikiliza, mwanangu. Kukosea hata mimi nakosea. Ila kipepeo hana mdomo wa kutusahihisha. Ukificha kosa lako, linaingia kitabuni, na wenzako watalisoma kama kweli. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo."

"Nimesikia, Shangazi."

"Vizuri. Sasa kaoshe vichupa. Vyote."