Lita Moja Iliyovuka Mpaka

"Mimi tangu niokoke, hata ng'ombe sijawahi kumdanganya!"

Bundi aliyasema hayo Jumatatu asubuhi mbele ya laini nzima ya wakulima, kwenye kituo cha maziwa karibu na Githongo, kifua mbele kama jogoo aliyenunuliwa saa. Jana yake alikuwa amewahubiria vijana wa kanisa kwamba imani ya kweli huonekana Jumatatu. Haya, Jumatatu ndiyo hiyo. Na nyuma ya meza alikaa Kaari, mpima maziwa, mchumba wake, mwenye tabasamu la kuwafanya wanaume wazima wasahau vifuniko vya mitungi yao.

"Bwana asifiwe, mhubiri," Kaari akamchokoza. "Leta tuone."

Akachota maziwa, akatumbukiza kile kipimo cha kioo. Kwenye maziwa safi huelea. Kwenye yenye maji huzama. Kikazama kama Petro.

Kaari akapima tena. Kikazama tena.

"Bundi," akanong'ona, "umetia maji."

"Labda ng'ombe alinyeshewa."

"Wee! Maji ya mvua huingilia ngozi?"

"Kaari wangu, nifumbie jicho moja tu. Si Jumamosi ninakuja kwenu na wazee?"

"Macho ya kukupenda ninayo yote mawili. Lakini haya yakiingia kwenye tangi, tangi zima litarudishwa, na hawa wote waende nyumbani mikono mitupu. Siwezi." Akausukuma mtungi, akapaza sauti ya kazini. "Yamekataliwa. Anayefuata!"

Mzee mmoja huko nyuma akadakia:

"Kule Kana maji yaligeuka divai. Huyu wetu amegeuza maziwa kuwa maji!"

Laini ikacheka mpaka mitungi ikagongana.

Saa nne simu ya Bundi ikalia. Ujumbe: "Jumamosi usije na wazee. Siwezi kuolewa na mtu wa kupimwa kila asubuhi."

Akapiga mara tatu, kimya. Ya nne ikapokelewa.

"Kaari, si vile unavyofikiria."

"Basi nifikirie vipi? Nisaidie."

"Biblia inasema mkono wa kushoto usijue wa kulia unafanya nini."

"Wa kushoto usijue, sawa. Lakini wa kulia ndio ulioshika jagi la maji. Sema ukweli, Bundi."

Akasema. Jirani yao, Karimi, ana mapacha wa mwaka mmoja na ng'ombe wake alikufa wiki iliyopita. Jumapili, akitoka kuhubiri, Bundi aliwasikia watoto wakilia kule ng'ambo ya ua, na mahubiri yake mwenyewe yakamchoma. Kwa hiyo asubuhi akampelekea lita moja. Shida ilikuwa baba yake, Mzee Runji: miaka sita hajamsalimia mtu wa boma lile kwa ajili ya mpaka wa shamba. Na mzee alijua vizuri kwamba ng'ombe wake hutoa lita tano. Pengo la lita iliyotoka, Bundi akalijaza kwa maji ya mfereji.



"Kaari? Uko?"

"Niko. Nataka kulia na nataka kukasirika, sijui nianze na gani."

"Anza na kulia."

"Nyamaza! Ulimwogopa mtu mmoja ukaona heri uwaharibie wote. Nenda umwambie baba yako."

"Atanifukuza."

"Akikufukuza kwa sababu ya ukweli, nitakuoa mimi!"

Jioni, Mzee Runji alikuwa akimkatia ng'ombe majani ya nepia. Mzee wa kanisa huyu, sauti ya nne kwenye kwaya, nyimbo zote anazijua kwa kichwa.

"Baba, maziwa yamerudishwa leo. Nilitia maji. Lita moja nilimpa Karimi."

Panga likasimama hewani.

"Karimi gani?"

"Huyu wa mpakani."

"Ati maziwa yangu yamevuka mpaka?"

"Yamevuka, Baba. Nisamehe kwa kukuficha. Lakini ukikataa, mimi nitakunywa strungi, chai bila maziwa, na maziwa ya chai yangu yawaendee wale watoto."

Mzee akakata majani, akakata, akakata hata yaliyokwisha kukatwa.

"Watoto wangapi?"

"Wawili."

"Lita moja, watoto wawili? Ulikuwa unawanywesha au unawaonjesha?" Akamgeukia ng'ombe ili asionekane uso. "Peleka mbili. Na usiseme ni mimi nimekutuma."

Kesho yake Bundi akasimama mbele ya laini ileile. Hakujigamba.

"Wazee wangu, na mama zangu. Jana nilitia maji. Ningewapotezea jasho lenu nyote. Naomba mnisamehe."

Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa Kana akavua kofia.

Kaari akapima. Kipimo kikaelea, kikatulia.

"Lita tatu. Safi," akasema, akiandika. Kisha, bila kuinua uso: "Jumamosi mfike mapema. Mama hapendi wageni wa kuchelewa."

Walifunga ndoa Desemba. Mzee Runji aliketi meza moja na mume wa Karimi, wakibishana, safari hii kuhusu nani aongezewe nyama. Nami, mkulima mwenzao wa laini ile, nikapewa kipaza sauti, nikasimulia haya yote kama mlivyoyasikia, watu wameshika mbavu. Nikamalizia kwa sauti ya kiaskofu:

"Ndugu zangu, tujifunze kwa Bundi. Maziwa tuyaache kama ng'ombe alivyoyatoa!"

"Amina!" hema zima likaitikia.

Karimi akasimama, pacha mmoja kiunoni.

"Mwenye kipaza, usikae bado. Asubuhi ile Bundi alipokataliwa, ni nani aliyechomoka kwenye laini mbio, akaja kumwaga mtungi wake kwenye migomba yangu?"

Kaari akanigeukia taratibu, shela na yote.

"Nilikuwa... nilikuwa namwagilia migomba," nikasema.

"Kwa maziwa?" Kaari akauliza.

"Maziwa hayakuwa mengi."