Fimbo Laini ya Marvella Stroud

Mimi, Marvella Stroud, mkazi wa chumba cha mwisho katika bweni la wasichana la Tallow Creek, jimbo la Alabama, natangaza mbele ya mbingu na nchi kwamba sitampigia magoti mwanadamu yeyote katika jambo la fimbo ya kuvulia samaki.

Maneno hayo niliyatamka asubuhi moja ya Mei, nikiwa nimesimama juu ya kitanda changu, mkono kifuani. Yangekuwa na uzito zaidi kama matroni asingeingia wakati huohuo na kuniambia nishuke, nitafute soksi zinazofanana, niende kula kabla uji wa mahindi haujaganda.

Nikashuka. Uji ulikuwa umeshaganda.

Mezani alikuwepo Colby Rusk, mpinzani wangu. Timu ya uvuvi ya shule yetu ilikuwa inakwenda kwenye mashindano ya jimbo, na nafasi zote mashuani zilikuwa zimejaa isipokuwa moja. Jumamosi, mimi na Colby tungevua pamoja katika mashua ya Kocha Pugh. Mwenye samaki wazito zaidi angekwenda. Mwingine angebaki bwenini kupiga deki.

"Vipi, Stroud? Macho yamevimba kama ya kambare," Colby aliniambia. "Hukulala?"

"Nililala vizuri. Niliota umerudi mikono mitupu, nikacheka mpaka nikaamka."

"Jumamosi tutaona."

"Utaona wewe. Mimi nitakuwa nimeshika samaki."

Sasa, tatizo. Kocha Pugh alikuwa na sheria moja kuhusu fimbo: iwe ndefu, iwe ngumu, ifanane na ile ya bingwa aliyebandikwa ukutani ofisini mwake. "Fimbo inayopinda," alikuwa akisema, "nampelekea bibi yangu aanikie soksi."

Nami nilijua kwamba, kwa vyambo vya juu ya maji tulivyokuwa tunatumia, Kocha amekosea.

Chambo cha juu ya maji ni kisamaki bandia cha mbao chenye ndoana tumboni. Hakizami. Unakitikisa kwa ncha ya fimbo, nacho kinayumba kushoto na kulia kama mlevi anayetafuta mlango, mpaka besi, yule samaki wa kijani mwenye mdomo mpana kuliko adabu zake, anapanda kukipiga. Maji yanaruka, moyo unaruka nayo, na wewe unavuta bila kufikiri. Hapo ndipo fimbo ngumu inapokuangusha. Inakwapua chambo kabla samaki hajafunga mdomo. Fimbo yenye ncha laini hupinda kwanza, na katika kupinda kule samaki hupata nafasi ya kumeza.

Sikuambiwa na mtu. Nilizijaribu zote mbili katika bwawa la nyuma ya shule mpaka mabega yakauma. Hata urefu niliupima kwa mwili wangu: mimi ni mfupi, na kila nilipotikisa fimbo ndefu, ncha yake ilichapa maji na kuwafukuza samaki.

Nilijaribu kumweleza Kocha.

"Kocha, kwa vyambo vya juu, nadhani fimbo laini..."

"Stroud, umewahi kushinda kombe lolote?"

"Hapana, bwana."

"Basi. Atakayeleta fimbo legelege kwenye mashua yangu, atabaki nayo nchi kavu."

Nikaondoka nikiwa nachemka. Sitakubali, nilijiambia. Nikaichukua fimbo yangu laini, nikafuta maandishi ya kiwandani yaliyosema ni laini, kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, kisha kwa kalamu ya wino wa fedha nikaandika, kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika katika maisha yangu ya elimu: NGUMU SANA. Nikajiona mwasi mkubwa.

Jumamosi kulipopambazuka, ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa. Kocha alisoma maandishi yale, urefu hakuupima, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akawasha injini.

Colby ndiye aliyeanza. Kando ya majani maji yalipasuka, naye akavuta kwa nguvu zake zote. Chambo kikachomoka, kikarudi hewani kama nyuki mwenye hasira, kikanasa kwenye kofia ya Kocha.

"Rusk! Unavua samaki au unanivua mimi?"

"Samahani, bwana!"

Ikatokea tena, na tena, ingawa kofia ilisalimika. Kila besi aliyepiga chambo cha Colby alibaki ziwani na hadithi ya kuwasimulia wanawe.

Wangu walimeza. Kila samaki aliponasa nilimgeuzia Kocha mgongo, nikaikumbatia fimbo karibu na kifua, asije akaiona ilivyojikunja. Tuliporudi gatini nilikuwa na besi wazito, wote hai, na Colby alikuwa na mmoja mwenye ukubwa wa kiatu cha mtoto.

Timu nzima ilikusanyika kutazama samaki wakipimwa. Kocha alininyanyua mkono.

"Nafasi ni ya Stroud!" alisema. "Na mmejifunza nini? Fimbo ngumu! Huyu alikuja kunibishia, akaona mwanga, na haya ndiyo matokeo. Kuanzia leo nisione fimbo laini katika timu hii. Wenye nazo, wazirudishe nyumbani."

Wenzangu wawili, ambao nilikuwa nimewashawishi bwawani watumie fimbo laini, wakainama wakaanza kufunga fimbo zao. Mmoja aliniangalia, akangoja niseme kitu.

Nilikaa kimya. Nilikuwa na nafasi yangu.

"Lete hiyo fimbo," Kocha akasema. "Tazameni ugumu wake." Akaiegemeza ncha kwenye mbao za gati, akasukuma. Ikapinda kama tambi iliyopikwa.



"Stroud, hii ni nini?"

"Jua, bwana. Limeilainisha."

Colby aliangua kicheko. Kocha hakucheka. Alisugua yale maandishi, na kidole gumba kikageuka rangi ya fedha.

"Ni laini," nikasema, kidevu juu. "Niliandika mwenyewe. Na samaki ni wangu, na fimbo ngumu ndiyo iliyompokonya Colby wake. Wewe umekosea, Kocha."

Nilitegemea anilipukie. Aliitazama ile fimbo kwa muda, kisha akaitazama kofia yake iliyotoboka.

"Inawezekana nimekosea," alisema polepole. "Kuanzia leo kila mtu atachagua fimbo yake, ili mradi anieleze kwa nini. Lakini nafasi ni ya Rusk. Samaki ni wako, nakubali. Umewavua kwa udanganyifu."

"Ungenizuia kupanda mashua!"

"Pengine. Ungesimama gatini ukabishana nami mbele ya wote, nami ningekasirika, kisha ningelazimika kufikiri. Badala yake uliificha kweli yako chini ya uongo, ukaja ukaifanya hoja yangu ionekane ya kweli. Hawa wenzako walikuwa wanarudisha fimbo nzuri nyumbani kwa sababu yako, Marvella. Unajiita mbishi?"

"Ndiyo, bwana."

"Mbishi husema hapana na mtu akasikia. Sasa niambie kweli. Kwa nini uliandika pale?"

Nilikuwa na majibu mengi, yote ya kishujaa. Uasi. Haki. Sayansi. Nilifungua mdomo nichague moja, nikawaona wale wawili wamesimama na fimbo zao nusu zimefungwa.

"Niliogopa kuikosa nafasi, bwana," nikasema. "Na uliponisifu, niliogopa zaidi."