Mtani Aliniambia Boti Imeoza, Mie Nikacheka

Nina miaka sitini na mitatu, naishi Temeke, na shule niliiacha darasa la pili. Siandiki haya ili mnihurumie. Huruma nilipewa ya kutosha msibani, na haikunirudishia kitu. Nataka mnisikilize tu, hasa nyie mnaoanza kushika pesa siku hizi na kutazama vitu vikubwa.

Mie ni Mzaramo. Nilianza na baiskeli, nashusha mkaa kutoka Pugu mpaka mapaja yakawa magumu kama magogo. Baiskeli ikazaa lori. Lori likazaa lori jingine. Sikuiba, sikurithi, sikumpigia mtu magoti! Na kila lori nililichagua mwenyewe, kwa masikio. Nilikuwaga nawaambia mafundi wafunge midomo, naliwasha, nafumba macho, nasikiliza. Sikuwahi kukosea hata mara moja.

Laiti ningekosea mapema kwenye lori...

Ruksa ilipokuja, serikali ikafungua milango ya biashara, kila mtu akawa na cha kuuza. Watalii wakaanza kujaa hoteli za Kunduchi. Hoteli moja ikatangaza kwamba inatafuta mtu mwenye boti ya mwendo kasi, ya kuwapeleka wageni maji marefu kuvua samaki wakubwa na kuwarudisha kabla ya chakula cha mchana. Mwanangu Hamisi, wa kiume pekee niliyejaliwa, alikuwa akiendesha boti za watu Msasani. Akanijia akasema, "Baba, nitazeeka nikishika usukani wa mwenzangu. Tutafute yetu."

Nani angekataa? Nilifurahi mpaka sikulala.

Shemeji yangu Selemani, ndugu wa mke wangu wa tumbo moja, alikuwa dalali. Aliuza vyenye mwenyewe na visivyo na mwenyewe. Mie nilimpenda hivyo hivyo, alikula kwangu karibu kila siku. Akasema ameiona boti Kipawa, kwenye yadi ya mtu aliyeileta kutoka Arabuni kisha akasafiri.

Kipawa! Mahali ambapo hata ukipanda juu ya bati huioni bahari! Boti inafanya nini huko? Sikujiuliza.

Ilikuwa ndefu, nyembamba, pua imechongoka kama papa, nyeupe yenye mstari mwekundu. Rangi iling'aa mpaka unajiona uso. Nyuma zilifungwa mashine mbili, na miguu ya mashine imetumbukizwa kwenye mapipa ya maji ili tuzijaribu. Hamisi akaigusa moja kabla haijawashwa.

"Mjomba, mbona ina joto?"

"Jua la Kipawa hilo, mwanangu. Gusa na upara wa baba yako uone!"

Tukacheka. Selemani akaziwasha, zikaitika mara moja. Nikafumba macho. Wallahi, zilikuwa zinaimba!

Hamisi aliomba tuishushe baharini kwanza, tupakie watu na mafuta, tuone inavyoinua pua ikiwa na mzigo. Nikakataa. Selemani alishaniambia kuna mtu mwingine anaitaka. Nikamwambia mwanangu kwamba mashine ni mashine, ya barabarani au ya majini, ikiwa nzima utaisikia.

Kisha nikafanya baya zaidi. Mashine zile nikaziona ndogo! Mie ni mtu wa malori. Lori likishindwa kupanda mlima wa Pugu, unatafuta injini kubwa, basi. Nikamwagiza Selemani atafute mashine mbili nyingine, kubwa, nzito, za kuwatia wazungu wazimu.

Hamisi akanieleza taratibu kwamba uzito wote wa mashine unabebwa na ubao mmoja tu wa nyuma. Ubao wenyewe ni plaiwudi iliyovikwa faiba, na boti ile ilitengenezewa mashine za kiasi chake. Ukizidisha, siku ya mawimbi ubao ndio unaoumia. Nikamuuliza, kati yangu na yeye, nani amewahi kununua mashine? Akasema, "Ni wewe, baba." Mwanangu alikuwa na adabu... Mungu wangu, afadhali angenitukana!

Selemani naye alisema, huku anatazama chini, "Shemeji, hizi hizi zinatosha." Akalisema mara moja tu. Nikadhani ni uvivu wa kutafuta.

Mashine kubwa zikapatikana, zikafungwa. Boti ikaletwa mtaani kwetu juu ya tela, mtaa mzima ukatoka. Akina mama wakapiga vigelegele. Ndipo akavuka barabara Masanja, seremala wa vitanda na makochi, Mnyamwezi. Mnajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani anakutukana na huruhusiwi kununa, na miaka yote Masanja hakuwahi kupita mlangoni kwangu bila kunitukana.

Akaizunguka boti. Alipofika nyuma akainama, akaugonga ule ubao kwa vifundo vya vidole. Akasogea kidogo, akagonga tena. Halafu akaweka kidole gumba chini ya mashine, akabonyeza.

"Ewe Mzaramo!" akapaza sauti watu wote wasikie. "Umeuziwa maiti iliyopakwa poda! Huku nyuma kumeoza. Nagonga hapa unalia ubao, nagonga pale unalia ugali. Na wewe umembebesha bibi kizee magunia mawili ya mkaa mgongoni!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mie nikacheka kuliko wote. Nikamjibu, "Babu zako walikuja pwani wamebeba mizigo kichwani, bahari wakaiona wakadhani ni ziwa limevimba! Leo mjukuu wa wapagazi anifundishe boti?"

"Haya, kaniuzie mbao zitakazobaki," akasema. Akarudi kwenye randa yake.

Jamani... aliniambia kila kitu! Mbele ya mtaa mzima! Nikaona ni utani.

Siku ya kwanza majini tulikwenda Kunduchi asubuhi. Mtu wa hoteli alikuja kuiona. Mama Hamisi alikuja na udi, akafukiza. Hamisi alitaka tuikimbize kidogo kidogo karibu na ufuko kwa siku kadhaa. Nikasema mtu wa hoteli hakuja kutazama bata. Hamisi aliuliza pia maboya ya kuvaa yako wapi. Nikamwambia ni ya watalii, sie wa pwani tutavaa ya nini? Na mie mwenyewe kuogelea sijui, wasomaji. Miaka yangu yote ilikuwa ya mkaa.

Selemani alikuwa amesimama majini hadi magotini, ameshika kamba ya boti.

"Mjomba, panda!" Hamisi akamwita.

"Tumbo linanisumbua."

"Sema unaogopa maji kama paka!"

Selemani hakucheka. Nilimtazama, jasho lilikuwa linamtiririka na jua lenyewe bado changa. Hamisi akawasha mashine. Selemani kamba hakuiachia. Nikamwambia aachie. Akafungua mdomo kama anataka kusema neno... akaufunga. Nikapiga kelele, "Shemeji, achia kamba!"

Akaachia. Tulipoanza kwenda nikamsikia nyuma yetu, "Hamisi, usikimbize!"

Tukaruka juu ya maji, wenzangu, tukaruka! Kisiwa cha Mbudya kikatupita kama nguzo ya umeme barabarani. Nikampigia mwanangu kelele aongeze. Tulipotoka nyuma ya kisiwa, mawimbi ya bahari kubwa yakatupokea. Boti ikainuka, ikajibamiza. Ikainuka, ikajibamiza.

Hapo masikio yangu yakasikia. Chini ya mlio wa mashine kulikuwa na mlio mwingine... kama mtu anavunja muwa. Hamisi akageuka akanitazama. Naye alikuwa ameusikia.

Akapunguza mwendo, akaanza kugeuza polepole turudi. Mie macho yangu yako nyuma. Mashine ya kushoto ilikuwa inalala taratibu, kichwa kinaangukia baharini kama mtu anayesinzia. Rangi ikapasuka. Ndani ya ule ufa sikuona ubao, niliona unga mweusi, umelowa! Wimbi moja likatunyanyua... mashine ikang'oka na kipande kizima cha nyuma!

Boti ikazunguka kama pia. Hamisi akarushwa, kichwa kikagonga ukingo. Maji yakaingia kwa nyuma kama yamefunguliwa mlango. Hata shahada sikuimaliza, nikawa baharini, nakunywa chumvi.

Mkono ukanishika shingoni. Hamisi. Damu zinamtoka, jicho moja limejaa damu. Akanisukumia kifuani dumu tupu la mafuta. "Baba, kumbatia. Usiachie."

Sikuachia. Nilipogeuza shingo kumtazama, hakuwepo.

Nilimwita mpaka koo likafunga. Wavuvi waliokuwa wanarudi walinitoa nikiwa bado nimelikumbatia lile dumu, wakashindwa kuninyang'anya. Mwanangu alipatikana kesho yake.

Msibani, Selemani alianguka miguuni kwa dada yake. Akasema yote. Ubao ulikuwa umeoza tangu zamani, maji ya mvua yalituama ndani ya boti pale yadini. Yeye na mlinzi wa yadi walichokonoa uozo, wakajaza puti, wakapaka rangi. Mashine waliziwasha na kuzipasha moto kabla hatujafika, maana zikiwa baridi zilikuwa zinagoma. Alidhani itavumilia msimu mmoja. Mie nilipotaka mashine kubwa aliogopa, lakini angesemaje bila kujifichua?

Mama Hamisi hakulia wala hakumpiga. Alisema tu, "Kamba ulikuwa nayo mkononi, Selemani." Hajamtamkia neno jingine mpaka leo. Kwangu anapika, anafua, ananitengea chakula. Lakini ikiwashwa mashine yoyote karibu na nyumba, anaondoka.

Kwa mila zetu, mtani ndiye anayevunja uzito wa msiba. Anazuia jeneza mpaka alipwe, anamwigiza marehemu, watu wanacheka huku wanalia. Watu wote walikuwa wanamsubiri Masanja. Alikuja, akakaa mwisho wa jamvi, kichwa ameinamisha. Jeneza likampita. Hakunyanyuka! Mtani hakutania...

Baada ya maziko nikamfuata. Nikamuuliza kwa nini hakunivuta pembeni akaniambia kwa dhati. "Nilikwambia," akasema. "Nilidhani utakwenda kubonyeza mwenyewe."

Kidole kimoja tu! Nilikuwa na malori mawili, nyumba, jina Temeke nzima, na sikunyanyua kidole kimoja kubonyeza!

Wenzangu, mkinunua chombo cha majini msinunue kwa masikio, wala kwa rangi, wala kwa undugu. Mashine ikiwa na moto kabla hamjaiwasha, ondokeni. Pipa si bahari, kishusheni majini na mzigo wake. Msikitwishe nguvu ambayo hakikuumbiwa. Kijana wenu anayeijua kazi akisema, mkae kimya mumsikilize, hata kama chakula anachokula ni chenu. Na mtani akikitania kitu chako, cheka, halafu mwambie arudie bila kucheka.

Mie sikumwambia. Sasa Masanja akipita mlangoni kwangu hanitukani tena. Anavua kofia, anasema, "Shikamoo, mzee," kama ninavyoamkiwa na mtu baki. Naitikia marahaba. Hakuna tusi la Mnyamwezi lililowahi kuniuma namna hiyo.