Fundo la Nyumba Yetu

Kila asubuhi, kengele ya mnara ikishalia na malango ya mji wetu wa Dadu kufunguliwa, mimi na Baba tulikunywa uji wa uwele upesi upesi, kisha tukakaa uani kusuka majamvi ya matete. Kuta za mji wetu zilikuwa za udongo ulioshindiliwa, na udongo na mvua havipatani. Kwa hiyo Khan Mkuu, mtawala wetu, aliamuru kuta zivikwe majamvi. Kila familia ilimalizia majamvi yake kwa fundo lake, ili ijulikane nani kafanya kazi gani.

Fundo letu tulilirithi kwa Babu. Nje ya nyumba yetu nilimfundisha mtu mmoja tu, Qiaoer, binti wa jirani. Tulikuwa tumechoma ubani pamoja tukaapa kuwa ndugu, na ndugu humfichi kitu. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, basi fundo lilimtoka kinyume, nasi tukacheka mpaka machozi.

"Yunniang, dada'angu, fundo lenu lina kiburi kama wewe!" alinitania.

Mwezi wa sita mvua ilinyesha mfululizo. Ilipokatika, Tegus, Mmongolia aliyesimamia kuta, alikuja kwetu na kutupa jamvi lililooza miguuni pa Baba. Majirani wakajaa mlangoni.

"Guan, ukuta umeporomoka mahali jamvi hili lilipokuwa. Fundo la nani hili?"

Baba akainama kulitazama. "Letu, bwana. Lakini mimi sisuki matete mabichi hata siku moja!"

"Fundo ni lako, kosa ni lako. Kesho utachapwa fimbo langoni, kisha wewe na watu wako mtahama mji huu."

Nilimtafuta Qiaoer kwa macho, nikamwona nyuma ya mama yake. Nilijua, na yeye alijua kwamba nimejua. Sema basi, nilimwomba kimoyomoyo. Sema, dada'angu.

Qiaoer akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Jamani, hata Mzee Guan! Nani angedhani?"

Lo! Maneno yale yaliniuma kuliko fimbo yoyote. Nikaliokota jamvi.

"Bwana, Baba hufunga kuelekea kulia. Tazama, hili limezungushwa kushoto." Nikamnyooshea Qiaoer tete. "Hebu funga, dada."

"Mimi? Mimi silijui hilo fundo."

"Funga tu," Tegus akaamuru.

Akalipokea kwa mkono wa kulia. Mdogo wake wa kiume akaangua kicheko. "Qiaoer! Tangu lini unatumia mkono huo? Hata uji unakula kwa kushoto!"

Tete likamdondoka. Akalia kwa kwikwi.

"Baba yangu alikuwa mgonjwa. Nilisuka peke yangu, matete yakawa mabichi. Siku tuliyosaidiana kubeba mizigo ya majamvi, nilichukua jamvi lenu zuri nikalifunga fundo letu, na bovu langu nikalifunga lenu. Nilidhani mtasamehewa. Baba yako anaheshimiwa na kila mtu!"

"Ndiyo ukaamua kuichezea hiyo heshima?" nikamuuliza.

Tegus alimwacha Baba huru. Qiaoer akaamriwa kubeba udongo mpaka ukuta usimame tena.

Ukuta uliposimama, alikuja na mzigo wa matete makavu, mikono imejaa malengelenge.

"Dada…"

"Niite Yunniang."

Akaweka mzigo chini, akaondoka. Nikalia mpaka nikashindwa kusuka. Baba akanisogelea.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Una haki ya kuumia. Lakini jifunze jambo hapa. Kama angesema kweli siku ile ile alipoharibu jamvi, mimi na wewe tungemsaidia kusuka jamvi jingine, nalo lingekwisha kabla ya machweo."

"Na sasa, Baba?"

"Sasa ana kazi ya kusuka uaminifu upya. Hiyo hakuna wa kumsaidia."