Kanda ya Ishirini na Tatu

Saa kumi na mbili jioni. Amri ya kutotoka nje inaanza saa moja, na mtafiti ndiyo kwanza anabisha hodi kwenye lango la chuo, amekuja kuchukua kanda zake.

"Digrii tatu," mlinzi alimwambia, "na hata moja haikukufundisha kukimbia risasi?"

"Shikamoo, mzee. Nifungulie."

"Marahaba. Kesho wanajeshi wanakuja kusafisha jengo. Unajua wakisema kusafisha wana maana gani?"

Alijua. Ndiyo maana alipanda ndege kurudi wakati wenye akili zao wanapigania viti vya kuondoka. Miaka kumi iliyopita, vita vilipokwisha tu, aliwarekodi mashahidi ishirini na wawili wa mauaji. Wote sasa marehemu. Kanda zikiungua, wauaji watalala usingizi mnono, na baadhi yao ni waheshimiwa wenye ving'ora.

Stoo ya chini ilinuka karatasi zilizoota ukungu... na udongo. Udongo mbichi, wa kaburi lililochimbwa asubuhi.

Alihesabu kanda akizitupia mkobani. Ishirini. Ishirini na moja. Ishirini na mbili.

Ishirini na tatu?

Tk.

Rekoda mezani ikaanza kuzunguka. Haikuwa na betri. Kifuniko chake kilikuwa wazi, tupu kama mfuko wa msomi asiye na ajira.

"Taja jina lako," ilisema sauti yake mwenyewe, changa, yenye adabu ya semina.

Kisha kimya. Kimya hicho alikitengeneza yeye. Alikata majina yote kwenye kanda na kwenye kitabu chake, akaweka namba, akachoma orodha. Maadili ya risachi, bwana! Hata setifiketi alipewa.

Ila sasa kile kimya kilikuwa kinapumua, pumzi nyingi kwa pamoja.

"Ulilikata jina langu," mwanamke alinong'ona. Si kwenye rekoda. Kisogoni kwake. "Wanangu wamesoma kitabu chako chote. Hawakuniona."

Mlango ukajibamiza.

Hasira ikampanda. Yaani amekwepa mawe, moshi na vizuizi vitatu, aje afie stoo?

"Nilikosea," alisema. "Lakini sikusahau. Pangeni foleni!"

Akaanza na yule mwanamke, fundi cherehani: jina lake, la baba yake, la babu yake. Akaja mkunga. Mwalimu wa hesabu. Dereva wa lori aliyesimulia huku akicheka, machozi yakimtoka. Kila jina lilipotamkwa, pumzi moja ilitulia. La ishirini na mbili lilipomtoka, kitasa kikalegea.

Ikabaki pumzi moja.

Kanda ya ishirini na tatu ilikuwa na mwandiko wake. Tarehe ya leo.

"Taja jina lako," zilisema sauti zote kwa pamoja.

Angeweza kukimbia, mlango ulikuwa wazi. Akainama kwenye rekoda akalitaja. La nyumbani, la baba, la ukoo. Kwa sauti iliyofika langoni.

Alipofika langoni na mkoba wake, mlinzi alikuwa amesimama na funguo mkononi.

"Mle ndani ulikuwa na nani?"

"Watu wangu. Kwani vipi?"

"Nimewafungulia ishirini na watatu." Alielekeza kidole barabarani. "Wa mwisho alikuwa wewe, mwanangu. Wewe kabisa. Ila blauzi... imelowa damu."

Mbali, king'ora cha saa moja kikalia.

Mtafiti aliukaza mkoba begani.

"Basi yeye katangulia," alisema. "Mimi bado nina kazi."

Akatoka katikati ya barabara, akielekea kwenye taa za kizuizi, akirudia majina kwa sauti. Ishirini na matatu. Hakuruka hata moja.